Wasomaji Wanauliza: Nyimbo na Michezo katika Kuwafundisha Watoto Kiingereza

Katika toleo hili tunajibu barua za walimu na wazazi wanaowafundisha Kiingereza watoto wa umri wa miaka mitatu hadi minane. Barua ndefu tumezifupisha, na zile zilizouliza jambo moja tumeziunganisha.

Swali: Ninafundisha darasa la awali lenye watoto wa miaka minne na mitano. Wanaimba nyimbo za Kiingereza vizuri mno, hata wageni wakija huwasifu. Lakini nikigusa pua yangu na kumwuliza mtoto mmoja kwa Kiingereza hii ni nini, ama ananyamaza, ama anaanza kuimba wimbo mzima tangu mwanzo hadi afike kwenye neno hilo. Tatizo liko wapi?

Jibu: Mwalimu, mtoto huyo anayerudi mwanzo wa wimbo ili alifikie neno "nose" anakuonyesha waziwazi jinsi alivyouhifadhi. Kwake wimbo si maneno ishirini yaliyopangwa. Ni sauti moja ndefu isiyo na mahali pa kukatia. Wimbo wa alfabeti unalithibitisha jambo hili: sehemu ya L, M, N, O, P huimbwa upesi kuliko sehemu nyingine, na watoto wengi, hata wale waliozaliwa katika Kiingereza, hukaa muda mrefu wakidhani kwamba hiyo ni herufi moja yenye jina refu. Tena wimbo huo hufundisha majina ya herufi, si sauti zake. Mtoto anayejua kwamba W huitwa "double-u" bado hajapata msaada wowote wa kusoma neno "water".

Hii haina maana kwamba nyimbo hazina kazi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu wazima 60 walijifunza vifungu vifupi vya Kihangari kwa dakika 15. Kundi moja lilivirudia kwa kusema, la pili kwa kusema kwa mdundo, la tatu kwa kuimba, na walioimba ndio waliofanya vizuri zaidi walipotakiwa kuvitamka vifungu hivyo katika lugha ile ngeni. Hao walikuwa watu wazima, kwa hiyo tusiyahamishie matokeo hayo kwa watoto bila tahadhari. Lakini kila mwalimu wa watoto wadogo ameshuhudia jambo linalofanana nayo. Mahadhi huyashika maneno yasipotee. Kuyaelewa na kuyatumia ni kazi nyingine, na kazi hiyo haifanywi na mahadhi.

Kabla ya kuingiza wimbo au mchezo wowote darasani, ninakushauri ujiulize swali moja: je, mtoto asiyeelewa neno hata moja anaweza kushiriki na kufanikiwa? Ukiangalia darasa linaloimba kwa pamoja huku likigusa kichwa, mabega na magoti, utaona kwamba jibu ni ndiyo. Anachohitaji mtoto ni kumwangalia jirani yake na kuchelewa kidogo tu. Basi ibadilishe shughuli hiyo ili mtoto alazimike kuelewa. Imba "nose" huku ukishika sikio lako, na kazi ya watoto iwe kukukamata. Watafurahi sana kumkosoa mwalimu, na hawawezi kumkosoa bila kuelewa. Nyamaza ghafla kabla ya neno muhimu, uwaachie wao walitaje. Waambie wafumbe macho, kisha taja viungo kwa mpangilio usio wa wimbo, kwa sauti ya kawaida isiyo na mahadhi, wao waguse. Fanya hivyo siku ile ile wimbo unapofundishwa, kabla mnyororo haujakaza.

Chagua pia nyimbo zenye sentensi ambayo mtoto anaweza kuitoa ndani ya wimbo na kuisema katika maisha yake. Orodha ya majina ya rangi ina manufaa machache; kiitikio chenye "I can jump, I can run" kina manufaa makubwa, kwa sababu kesho yake mtoto anaweza kukitumia kusema jambo la kweli juu yake mwenyewe: "I can't fly", "I can swim". Hapo lugha imetoka kwenye wimbo ikaingia kwa mtoto.

Niongeze jambo moja ambalo huenda halitawapendeza wakuu wa shule. Maonyesho mbele ya wageni na wazazi yana sehemu yake katika tatizo hili. Yanamsukuma mwalimu kutafuta wimbo mrefu, ulionyooka, usio na makosa, wakati darasa linahitaji wimbo mfupi unaoweza kukatwa katikati, kugeuzwa maneno na kuharibiwa kwa makusudi.

Swali: Nyimbo nyingi nilizo nazo zina maneno ya zamani ambayo watoto hawatayatumia popote. Ninaweza kujitungia zangu, ilhali sijasomea muziki?

Jibu: Unaweza, na huhitaji kutunga mahadhi. Chukua mahadhi ambayo watoto wanayajua tayari, uyavike maneno mapya. Wimbo wa alfabeti niliokwisha kuutaja ulizaliwa hivyo hivyo: mahadhi yake ni ya Kifaransa na yalichapishwa mwaka 1761, na herufi ziliingizwa humo baadaye sana katika wimbo uliosajiliwa haki zake huko Boston, Marekani, mwaka 1835. Njia hii ina sababu ya kitaalamu pia. Mtafiti Wanda Wallace alionyesha mwaka 1994 kwamba mahadhi humsaidia mtu kuyakumbuka maneno pale yanaporudiwarudiwa na kuwa mepesi kushikika. Mahadhi mageni yanayosikika mara moja tu hayatoi msaada huo. Mtoto anayepambana na mahadhi mapya na maneno mapya kwa wakati mmoja amebebeshwa mizigo miwili.

Tunga mistari minne mifupi yenye muundo mmoja wa sentensi, na katika muundo huo acha nafasi moja ya neno linalobadilika. "Where's the cat? Under the chair." Kesho paka anahamia juu ya meza, na keshokutwa anakuwa mbwa. Sentensi ni ile ile, na darasa zima linaweza kupendekeza neno linalofuata.

Hatari kubwa iko kwenye mkazo. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na karibu hatuhitaji kuufikiria. Katika Kiingereza mkazo huhamahama: "elephant" na "hospital" zina mkazo mwanzoni, "umbrella" katikati, "guitar" mwishoni. Wimbo ukiliweka pigo zito kwenye silabi isiyostahili, mtoto ataibeba "elePHANT" kwa miaka, kwa kuwa amejifunza kwa njia ambayo haisahauliki kirahisi. Kwa hiyo soma kila mstari kwanza kama maongezi ya kawaida huku ukipiga makofi kwenye silabi zenye mkazo. Kisha uuimbe, na uhakikishe kwamba makofi hayajahama. Mstari unaokataa kukaa ubadilishe maneno, usiubadilishe mkazo.

Angalia pia miisho. Silabi zetu kwa kawaida huishia kwa irabu, na noti ndefu humpa mtoto nafasi ya kuongeza irabu mwishoni mwa neno la Kiingereza, hata "book" ikawa "buku" na "milk" ikawa "miliki". Ivute irabu iliyo katikati ya neno, kisha ufunge konsonanti kwa ghafla. Na kabla ya kuufundisha wimbo wako, mpe mtu anayekijua Kiingereza vizuri ausome. Kosa la sarufi lililoimbwa halifutiki kwa kalamu nyekundu.

Swali: Darasa langu lina watoto wengi na nafasi ni ndogo. Kila ninapoanzisha mchezo, darasa linageuka vurugu, na mwisho wa yote wanaoshinda ni watoto wale wale wachache. Je, michezo inawafaa tu walimu wenye madarasa madogo?

Jibu: Barua yako ina maswali mawili, na nitaanza na la pili kwa sababu ndilo linalosahauliwa.

Michezo mingi ya watoto ni ya kutoana: anayekosea anakaa chini, na anayebaki peke yake ndiye mshindi. Ukiutumia mpangilio huo katika somo la lugha, mtoto anayehitaji mazoezi zaidi ndiye anayetolewa kwanza, halafu anakaa kuwatazama wale ambao hawakuyahitaji wakifanya mazoezi. Badilisha kanuni. Anayekosea asitoke, aje mbele awe msaidizi wa kutoa amri inayofuata pamoja nawe, kisha arudi. Au makosa yahesabiwe kwa safu nzima, ili mtoto aliyeelewa awe na sababu ya kumsaidia jirani yake. Kwa watoto wa miaka mitatu na minne hakuna haja ya mshindi kabisa. Wao wenyewe watataka mchezo urudiwe bila kuuliza nani ameshinda.

Kuhusu nafasi, msingi mzuri ni michezo ya amri, ambayo mtoto anaifanya akiwa amesimama kando ya dawati lake. James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani, aliifanyia utafiti njia hii kuanzia miaka ya 1960: mwalimu anatoa amri, anaitenda mwenyewe, wanafunzi wanaitenda naye, na baadaye wanaitenda peke yao bila yeye kuwaonyesha. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto mchanga hujifunza lugha yake ya kwanza kwa kusikia na kutenda muda mrefu kabla hajasema. Anza na "stand up", "turn around", "touch your head". Mara tu zinapokuwa rahisi, ziunganishe kwa namna ambayo watoto hawajawahi kuisikia: "Put your book on your head. Put your book under your chair." Amri mpya iliyoundwa kwa maneno ya zamani ndiyo kipimo halisi, kwa kuwa mtoto hawezi kuikariri. Kicheko kitakachofuata kinaruhusiwa.

Acha kuonyesha mapema. Hili nalisisitiza kwa sababu walimu wengi huendelea kutenda amri pamoja na watoto mwezi mzima, na watoto huendelea kufuata mikono ya mwalimu badala ya maneno yake. Weka mikono nyuma ya mgongo, sema, subiri. Ukimya wa kwanza utakutisha kidogo, uvumilie.

Ama vurugu, sehemu kubwa hutokana na mchezo kuanza kabla ya kanuni kueleweka. Usizieleze kanuni kwa Kiingereza kirefu. Onyesha mara mbili na watoto wawili mbele ya darasa, na ikibidi sema sentensi moja ya Kiswahili. Kiswahili cha dakika moja hakiharibu somo, na kinaokoa dakika kumi za kuchanganyikiwa. Neno la kwanza la Kiingereza la mwaka liwe "stop" au "freeze", nalo lifundishwe kama mchezo wenyewe: watoto wanatembea mahali pao, wanasikia neno, wanaganda. Baada ya hapo una chombo cha kuutuliza mchezo mwingine wowote. Umalize mchezo ungali mtamu, dakika tano au saba zinatosha, na utakapourudia kesho watauingia wakiwa na hamu.

Wakishazoea amri, wapeleke kwenye michezo ambayo mtoto mmoja anakijua kitu na mwenzake hakijui. Mtoto anaificha picha kifuani, mwenzake anauliza "Is it a cat? Is it a bird?" mpaka aipate. Hapa hakuna njia ya kufanikiwa bila kusema, na kila mtoto anasema mara nyingi kwa sababu wote wanacheza wawiliwawili kwa wakati mmoja, badala ya mmoja kusema na wengine kungoja zamu. Picha wanaweza kuzichora wenyewe kwenye vipande vya karatasi. Watapigiana kelele za furaha kwa Kiswahili, na hilo ni la kawaida. Weka sharti moja tu, kwamba picha haifunuliwi mpaka swali liwe limeulizwa kikamilifu kwa Kiingereza.

Swali: Mimi ni mama wa mtoto wa miaka mitatu. Kiingereza changu ni kidogo na naogopa kumharibia matamshi, kwa hiyo ninamwachia simu aangalie video za nyimbo. Anazipenda sana. Je, ninafanya vyema?

Jibu: Mama, video zinampa mtoto sauti nzuri ya kuiga, lakini zinamkosesha mtu wa kuongea naye, na kwa umri huo mtu ndiye muhimu zaidi. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa Marekani kwa watoto wachanga wa miezi tisa, waliokutana na lugha ya Kichina cha Mandarin katika vipindi 12. Waliochezewa na kusomewa vitabu na mtu aliyekuwepo walijifunza kuzitofautisha sauti za lugha hiyo. Waliopewa wasemaji wale wale kwa video au kwa sauti iliyorekodiwa hawakuonyesha kujifunza. Mwanao ni mkubwa kuliko watoto hao na anaweza kuokota maneno kadhaa kwenye skrini, lakini usimwachie peke yake.

Kaa naye. Sikilizeni wimbo mmoja, mfupi, siku kadhaa mfululizo, kisha zima simu na mcheze wimbo huo nyie wawili: akiruka, sema "jump", akilala, sema "sleep". Kosa lako la matamshi halitamdhuru ikiwa anaisikia pia sauti iliyo sahihi, na huenda mkajifunza pamoja. Kumbuka kwamba msemaji wa Kiswahili anaanza na faida: sauti ya kwanza katika "think" tunayo katika "thamani", na ile ya "this" tunayo katika "dhahabu", ilhali watu wa lugha nyingi duniani huhangaika nazo. Ugumu wetu uko kwenye irabu, kwa kuwa sisi tunazo tano na Kiingereza kina nyingi zaidi. Chora meli na kondoo, uviweke mbele yenu, mruhusu simu itamke "ship" au "sheep", na mshindane nani atagusa picha iliyo sahihi. Ikikushinda wewe akaiweza yeye, mwache akufundishe.

Swali: Mtoto mmoja darasani kwangu hajaimba wala kusema neno la Kiingereza tangu muhula uanze. Nyumbani, wazazi wanasema, anaongea bila kukoma. Nimlazimishe?

Jibu: Usimlazimishe. Wataalamu wa ujifunzaji wa lugha ya pili, akiwemo Stephen Krashen, wamekieleza kipindi cha ukimya ambacho watoto wengi hukipitia: wanasikiliza, wanaelewa, hawasemi. Mpime kwa matendo. Akigusa picha iliyo sahihi na kutii amri mpya bila kuwatazama wenzake, somo linamwingia. Mpe majukumu yasiyodai sauti, kama kugawa kadi au kuchagua wimbo kwa kunyoosha kidole. Wasiwasi uanze iwapo haelewi pia, au iwapo hata Kiswahili hakisemi shuleni. Hapo zungumza na wazazi ili masikio yake yapimwe na mtaalamu wa watoto amwone.

Swali: Mjukuu wangu ana miaka mitano, na kila akirudi shuleni anasema wameimba na kucheza. Wenzake wa shule nyingine wana madaftari yaliyojaa maneno ya Kiingereza. Je, hachelewi?

Jibu: Mzee wetu, shikamoo. Daftari lililojaa linaonyesha kwamba mkono umefanya kazi. Halionyeshi kama mtoto anaelewa. Ukitaka kujua mjukuu wako anajifunza nini, mwombe akufundishe mchezo mmoja walioucheza. Akiweza kukuongoza kwa maneno ya Kiingereza, akakucheka unapokosea, hajachelewa. Akiweza kuimba tu bila kujua anachokiimba, kamwone mwalimu wake, na unaweza kumsomea jibu letu la kwanza.

Juu ya hofu ya kuchelewa, huko Barcelona Carmen Muñoz na wenzake waliwalinganisha wanafunzi walioanza Kiingereza shuleni wakiwa na miaka 8 na wale walioanza wakiwa na miaka 11. Baada ya saa zile zile za masomo, walioanza wakiwa wakubwa ndio waliokuwa mbele katika vipimo vingi. Faida ya kuanza mapema huonekana zaidi pale mtoto anapoishi ndani ya lugha kila siku. Kwa vipindi vichache vya wiki, umri wa miaka mitano unafaa kwa masikio, matamshi na kuipenda lugha, na haufai kwa kunakili orodha. UNESCO nalo tangu mwaka 1953 limeshauri kwamba mtoto aanze kusomeshwa kwa lugha anayoielewa. Kwa hiyo hadithi unazomsimulia kwa Kiswahili usizikatize kwa ajili ya Kiingereza, maana mtoto aliyezoea kufuata hadithi katika lugha yake anajua tayari hadithi inavyokwenda atakapokutana nayo katika lugha nyingine.

Kuandika kutakuja. Mwalimu mzuri, watoto wakishajua kusoma Kiswahili, ataziandika ubaoni nyimbo zile zile walizozicheza, ataacha mapengo mahali pa maneno waliyokuwa wakiyabadilisha, na mjukuu wako atayasoma kwa mara ya kwanza maneno ambayo tayari anayajua kwa kuyasikia na kuyasema.